Kuunga nyaya za stata kwenye gari la zamani: mwongozo kamili

Kama umebadilisha stata (mota inayozungusha injini ili iwake), umenunua betri mpya, na injini bado inazunguka kwa uvivu au inagonga "tak" na kunyamaza, acha kununua vifaa. Mara nyingi ubovu haumo ndani ya stata. Umo katika kebo nyembamba, lagi (kichwa cha shaba cha mwisho wa kebo) iliyobanwa ovyo, au ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) iliyofungwa juu ya rangi. Hili la mwisho ndilo linaloongoza, na huwapata hasa waliotoka kulitengeneza gari upya: bodi inang'aa, injini imepakwa rangi, na umeme umekosa pa kurudia.

Mwongozo huu ni wa magari ya volti 12. Kama gari lako ni la volti 6, hatua ni zile zile, ila ampea huwa karibu maradufu kwa kazi ile ile, kwa hiyo kebo lazima iwe nene zaidi. Usifunge ya volti 12 ukidhani inatosha.

## Andaa hivi kabla ya kufungua boneti

- Kebo ya shaba ya magari, yenye nyuzi nyingi nyembamba: milimita za mraba 25 kwa injini ya silinda 4 ambayo betri iko jirani, 35 kwa injini kubwa zaidi, 50 ikiwa betri imekaa kwenye buti.
- Lagi za shaba zinazolingana na unene wa kebo na bolti zako.
- Mkanda wa ethi wa nyuzi zilizosukwa, au kipande cha kebo hiyo hiyo nene.
- Waya wa milimita za mraba 4 kwa ajili ya ishara kutoka kwenye ufunguo, na wa 2.5 kwa koili (inayotengeneza umeme wa cheche za plagi) kama gari lako linauhitaji.
- Kibanio halisi cha lagi, cha haidroli au cha kugongwa kwa nyundo. Koleo si kibanio.
- Slivu za kusinyaa kwa joto, mipira ya kuweka kwenye matundu ya bati, na vishikio vya kebo.
- Mita ya umeme, na taa ya kujaribia yenye balbu ya wati 21.
- Spana mbili za kila saizi, brashi ya waya, msasa, Vaselini.
- Stendi imara, kama stata inafikiwa kutoka chini. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kuhusu unene wa kebo, wengi huona nasisitiza kupita kiasi, basi tupige hesabu. Stata ya injini ya silinda 4 hula takribani ampea 100 hadi 200 inapozungusha, na hupita hapo kwa kitambo kidogo inapoanza. Kebo ya milimita za mraba 16 yenye urefu wa mita 4, kwa ampea 200, hupoteza karibu volti 1 njiani. Ya 50 hupoteza kama 0.3. Ukikumbuka kwamba betri yenyewe hushuka hadi volti 10 hivi ikibebeshwa mzigo huo, utaona hiyo volti moja si kitu cha kuchezea.

## Ijue stata yako

Kuna familia mbili, na ukizichanganya utaunga vibaya.

Stata yenye selenoidi ya pembeni. Stata ina bolti moja tu nene. Selenoidi, yaani swichi ya sumaku inayofungulia stata umeme mkubwa, imefungwa kwenye bodi, mara nyingi karibu na betri. Mini nyingi za zamani na Ford nyingi za Marekani ziko hivi.

Stata yenye selenoidi mgongoni. Selenoidi imekaa juu ya stata yenyewe. Kazi zake ni mbili: kusukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kisha kufungulia umeme mkubwa. Magari mengi ya Ujerumani, yakiwemo Volkswagen Beetle, yana hii.

Alama za kwenye selenoidi zinasomeka hivi. Katika mfumo wa Kijerumani, 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri na 50 ni ishara kutoka kwenye ufunguo. Kwenye selenoidi za Ford za pembeni utakuta S na I: S ni ishara ya kuwashia, I hupeleka umeme kwenye koili wakati wa kuwasha tu. Magari ya General Motors yana S na R kwa kazi hizo hizo. Usizibadilishe hizi mbili. Waya wa koili ukiingia kwenye S, stata inaweza kuanza kuzungusha injini mara tu unapofungua ufunguo, kabla hujafika sehemu ya kuwashia.

## Hakikisha ethi ni hasi au chanya

Magari mengi ya Uingereza yaliunganishwa kwa ethi chanya, yaani upande wa + wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. MGB iliacha mtindo huo mwishoni mwa 1967, Mini mwaka 1969. Lakini usiamini mwaka wa gari pekee. Mmiliki wa zamani huenda aligeuza. Angalia nyaya zenyewe, na uone kama kinachochaji betri ni altaneta au dinamo.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata mafundi. Stata ya zamani, yenye koili za sumaku-umeme ndani, huzunguka upande ule ule hata ukigeuza + na -, kwa sababu sumaku ya nje na ya katikati hugeuka kwa pamoja. Stata za kisasa zenye sumaku ya kudumu si hivyo: kwenye gari la ethi chanya, zitazunguka kinyumenyume. Kabla ya kununua zile ndogo zenye gia za kupunguza mwendo, uliza ina sumaku ya aina gani.

## Hatua ya 1: Tenga betri

Weka gia nyutro, vuta handibreki, weka vigingi kwenye magurudumu. Vua pete na saa.

Anza kufungua upande wa betri uliofungwa kwenye bodi, uwe hasi au chanya. Sababu ni hii: spana ikigusa bodi wakati unafungua upande huo, hakuna kinachotokea. Ukianza na upande mwingine, spana hiyo hiyo inakuwa daraja la mamia ya ampea, na cheche karibu na betri inayotoa gesi ni jambo la kuogopwa. Wakati wa kurudisha, upande wa ethi unakuwa wa mwisho.

Chomoa pia waya mwembamba wa koili na uufunge utepe, ili injini isiwake wakati wa majaribio.

## Hatua ya 2: Jaribu stata mezani

Ibane kwenye jiliwa kwanza, imara. Stata inayoachwa huru juu ya meza huruka.

Kwa stata ya selenoidi mgongoni, unga ethi kwenye bodi yake, betri kwenye 30, kisha gusisha waya kutoka 30 kwenda 50. Gia ndogo inatakiwa kurukia mbele na kuzunguka kwa nguvu. Kwa ile yenye bolti moja, umeme unaingia hapo moja kwa moja.

Sekunde 2 au 3 zinatosha. Stata za aina hii zikizunguka bila mzigo huongeza kasi hadi kujiumiza.

Ukiwa hapo, angalia gia ya ile ya bolti moja, inayorushwa na mzunguko wake wenyewe. Iwe safi na kavu. Ukiipaka grisi, vumbi la klachi litaganda juu yake na siku moja stata itavuma bila kuigusa flaiwili.

## Hatua ya 3: Andaa njia ya ethi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa hiyo nenda taratibu.

Umeme unaoingia kwenye stata lazima urudi betri. Hupita kwenye bodi ya stata, kwenda kwenye nyumba ya gia boksi inapofungwa, kwenye injini, kisha kwenye mkanda wa ethi hadi chasisi, na mwisho kwenye kebo ya betri. Kila makutano katika safari hiyo lazima yawe chuma kwa chuma.

Sugua uso wa stata unaogusana na gia boksi. Sugua mahali inapokaa pia. Ondoa rangi, kutu na mabaki ya gundi hadi ung'ae. Kama uliipaka stata rangi nzuri, pole, ila rangi ya pale kwenye uso wa kufungia lazima itoke.

Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana mkanda wa kutoka injini kwenda chasisi ni wa lazima. Ukiusahau, umeme utatafuta njia nyingine: waya wa choki, waya wa kuongezea mafuta, hata bomba la chuma la petroli. Nimewahi kuona waya wa choki uliokuwa mwekundu kama mkaa baada ya mtu kujaribu kuwasha mara tatu. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha stata mara mbili.

Kwenye chasisi, sugua eneo la kuzidi lagi kidogo. Funga lagi ikiwa kavu, kaza, ndipo upake Vaselini juu kuzuia kutu.

Kama una selenoidi ya pembeni, nyingi hupata ethi yake kupitia sahani inayofungwa kwenye bodi. Sugua na hapo. Selenoidi isiyo na ethi haitoi hata mlio.

Ukifanikiwa: mita ikiwa kwenye omu, kati ya bodi ya stata na mwisho wa kebo ya ethi ya betri, husoma karibu sifuri. Usijipongeze mapema, kipimo hiki hugundua njia iliyokatika tu. Udhaifu wa kweli utaonekana chini ya mzigo, hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Kata na ubane kebo kubwa

Pima njia kwa kamba kwanza, ukiacha ulegevu kidogo kwa sababu injini hutikisika. Kisha kata.

Menya mpira wa kebo kiasi cha kina cha lagi, bila kukata hata uzi mmoja wa shaba. Vika slivu kabla ya lagi (kila mtu husahau mara moja). Ingiza shaba hadi mwisho, bana mara mbili, sinyaza slivu.

Kujaza risasi badala ya kubana sikushauri. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko utakapoikata kebo.

Jaribu: vuta kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, kata, rudia na lagi mpya.

## Hatua ya 5: Pitisha na ufunge kebo

Kwa kawaida kebo hii haina fyuzi. Kinachokulinda na moto ni njia unayoipitisha tu. Iwe mbali na ekzosi, isiguse ncha kali, na kila inapopenya bati iwekee mpira. Ishike kwa vishikio isije ikaning'inia.

Unaunga wapi?

*Selenoidi mgongoni:* kebo ya betri inakwenda kwenye 30. Bolti nene ya pili ina mkanda mfupi unaoingia ndani ya stata, hiyo usiiguse. Ukiweka kebo ya betri hapo, stata itaanza kuzunguka mara tu unapounga betri, ufunguo ukiwa bado mfukoni.

*Selenoidi ya pembeni:* kebo ya betri kwenye bolti moja nene, kebo ya kwenda stata kwenye ya pili. Nyaya zinazolisha gari lote, za taa, za altaneta na nyinginezo, zinakaa upande wa betri. Kwenye magari ya Uingereza yenye umeme wa Lucas (kampuni ya vifaa vya umeme vya magari), hizo ni za kahawia. Ukizifunga upande wa stata, gari zima litakuwa limekufa, hadi pale selenoidi itakaposhikana. Kosa hili hutambulika haraka: hakuna taa hata moja.

Unapokaza, shika nati ya ndani kwa spana moja na kaza ya nje kwa nyingine. Bolti hizi ni za shaba na ni laini. Zikizunguka zenyewe zinavunja kiungo cha ndani, na hapo selenoidi imekwenda.

## Hatua ya 6: Waya wa ishara

Waya huu hutoka kwenye sehemu ya kuwashia ya swichi ya ufunguo hadi 50 au S. Kwenye magari ya Lucas ni mweupe wenye mstari mwekundu. Ni mwembamba, lakini usiudharau: selenoidi ya mgongoni inaweza kuvuta makumi ya ampea kwa kitambo inaposukuma gia. Swichi ya miaka 50 haiupendi mzigo huo.

Beetle ni mfano mzuri. Stata iko nyuma, swichi iko mbele, kwa hiyo umeme unasafiri urefu wa gari kwenda na kurudi. Injini ikipata joto, ukinzani unaongezeka na gari linagoma kuwaka hadi lipoe. Watu hubadilisha stata. Dawa ni rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya ufunguo.

Rilei inaungwa hivi (86, 85, 30 na 87 ni namba za pini zake):

1. Waya wa zamani kutoka kwenye ufunguo uende kwenye 86.
2. 85 iende ethi.
3. 30 ya rilei ipate umeme kutoka bolti ya betri kwenye stata, kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyowekwa karibu na bolti hiyo.
4. 87 iende kwenye 50 ya selenoidi, kwa waya wa milimita za mraba 4.

Sasa swichi inabeba mzigo mdogo sana wa rilei, na selenoidi inapata umeme wake kutoka karibu.

Gari la gia otomatiki lina swichi inayozuia kuwasha gia ikiwa imeingia. Ibaki kwenye mzunguko. Kuiruka ni njia ya mkato inayoweza kumgonga mtu aliyesimama mbele ya gari.

## Hatua ya 7: Waya wa koili, kama upo

Baadhi ya magari yana koili inayopunguziwa umeme na rezista injini ikiwa inanguruma. Wakati wa kuwasha, volti za betri zimeshuka, kwa hiyo kuna waya wa ziada kutoka I, R au namba 16 unaoiruka rezista na kuipa koili umeme kamili.

Dalili ya waya huu kukosekana ni ya kipekee: injini inazungushwa vizuri, haishiki, kisha inakohoa na kuwaka pale unapoachia ufunguo.

Kama koili yako haina rezista, acha nafasi hiyo wazi.

## Hatua ya 8: Kagua, unga betri, pima

Zima kila kitu, funga milango. Unga upande usio wa ethi kwenye betri. Kisha, badala ya kufunga kebo ya ethi moja kwa moja, weka taa ya wati 21 kati ya kebo hiyo na kichwa cha betri.

Isipowaka, au ikiwaka hafifu tu kwa sababu ya saa ya dashibodi, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna mguso mahali. Tafuta kwanza. Taa hii imekuokoa na kebo inayoungua.

Funga ethi. Mwombe mtu azungushe ufunguo kwa sekunde 5, koili ikiwa bado imechomolewa, nawe upime. Ncha za mita ziguse kichwa cha betri chenyewe, si kibanio chake, ili kibanio kichafu nacho kihesabiwe.

- Betri, + na -: iwe imejaa, yaani kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikizungusha isishuke chini ya 9.6.
- Kichwa cha betri kisicho cha ethi hadi bolti ya stata yenyewe: isizidi 0.5.
- Kichwa cha betri cha ethi hadi bodi ya stata: isizidi 0.3.
- Ishara kwenye 50 au S: isiwe pungufu ya betri kwa zaidi ya volti 1.

Ukipata 1.2 upande wa ethi, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: bodi ya stata, gia boksi, injini, chasisi, kibanio. Pale namba inapodondoka ghafla, kiungo kibovu umekiruka sasa hivi.

Usizungushe kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha stata dakika moja.

## Ikigoma

Kimya kabisa. Pima 50 au S wakati ufunguo umezungushwa. Hakuna volti: swichi, rilei au waya wa ishara. Volti zipo: selenoidi, au ethi yake.

"Tak" moja, kisha kimya. Selenoidi imesukuma lakini umeme mkubwa haupiti. Tazama kebo nene, ethi ya injini, na mwisho vigusano vya ndani vya selenoidi.

"Tak-tak-tak-tak". Selenoidi inashika, betri inazama, selenoidi inaachia, betri inainuka, inashika tena. Betri dhaifu au kibanio kilicholegea.

Inavuma, injini haizunguki. Gia ndogo haifiki kwenye flaiwili, au meno yamekwisha. Nyaya zako hazina kosa.

Inazunguka polepole, na kebo ina moto. Pale penye moto mkali zaidi ndipo penye ubovu. Ni lagi mara nyingi kuliko kebo.

Rudisha waya wa koili, washa. Ukishaendesha gari kwa siku chache, likiwa limepata joto na kupoa mara kadhaa, tenga tena betri na ukaze upya nati zote za kebo nene. Shaba hulala kidogo chini ya nati, na robo ya mzunguko utakayoipata siku hiyo ni ya kawaida.